Bosi Ndiye wa Mwisho Kujua

Mhadhara uliotolewa Pasiansi, Mwanza, mbele ya watumishi wanaojiandaa kushika nafasi za juu katika mashirika makubwa



Nimeombwa niseme mtu atarajie nini anapoanza kazi kubwa katika shirika kubwa. Mada hii haiko mbali na Pasiansi. Barabara inayopita hapo nje inakwenda uwanja wa ndege, na kila alfajiri inapitisha watu waliovaa makoti wakiwahi usaili au kikao cha bodi Dar es Salaam. Ng'ambo ya ghuba iko Geita, na mgodi wake mkubwa wa dhahabu uliofunguliwa mwaka 2000. Tangu Juni 2025 mtu anakwenda huko kwa kupita daraja la Kigongo hadi Busisi, kilometa 3 juu ya maji, bila kupanga foleni ya kivuko. Kusini kuna Bulyanhulu na almasi ya Mwadui. Hapa mjini kuna viwanda vya samaki, kuna pamba, kuna benki zenye ofisi za kanda. Ni nyumba chache za mtaa huu ambazo hazina mtu aliyewahi kuajiriwa na shirika kubwa, kwa hiyo sisemi na wageni wa jambo hili.

Mimi nilifanya kazi ya utumishi, hii ambayo siku hizi inaitwa rasilimali watu, mpaka nikastaafu. Nimewapokea mabosi wengi wapya, na baadhi yao nikawaandalia barua za kuwaaga kabla hawajazoea njia ya kwenda ofisini. Wengi walioanguka walikuwa na elimu ya kutosha na hawakuwa wavivu. Kilichowaangusha ni kwamba mambo yalikuwa yakitokea na wao hawaambiwi. Hilo ndilo nililokuja kulisema. Ukipanda cheo, mshahara unaongezeka na habari zinapungua. Utajua mambo ya shirika lako baada ya mlinzi wa getini kuyajua.

Nianze na karatasi, maana hiyo ndiyo watu huitia sahihi kwa haraka kuliko zote. Barua ikishaandikwa "Meneja Mkuu", macho hukimbilia tarakimu ya mshahara na kurasa nyingine hupinduliwa tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ina mambo yake kwa wakubwa. Mkataba wa muda maalum sheria hiyo iliuweka kwa ajili ya wanataaluma na kada ya menejimenti, na kanuni za mwaka 2017 zikasema usipungue miezi 12. Kwa hiyo wewe uliyekuwa ofisa mwenye ajira ya kudumu unaweza kupanda ukakuta umebadilishiwa, una miaka 2 au 3 inayohesabika. Vifungu vya saa za kazi, vile vinavyoweka ukomo wa saa 45 kwa wiki na malipo ya ziada baada ya hapo, havimhusu mtu anayewasimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu. Ukipigiwa simu saa 5 usiku, hakuna overtaimu. Kisha kuna chama cha wafanyakazi. Anayetunga sera kwa niaba ya mwajiri na kuwa na mamlaka ya kufunga makubaliano ya pamoja haruhusiwi kuwa mwanachama wa chama kinachowawakilisha walio chini yake. Kama umelipia ada ya TUICO au TAMICO miaka yote, siku hiyo umetoka. Halafu kuna muda wa majaribio. Mtu ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo, ile sehemu ya sheria inayokataza kuachishwa kazi isivyo haki haimlindi. Cheo hakimwongezei ulinzi hapo. Meneja na mfagizi wako sawa.

Mkivisoma vifungu hivyo pamoja mtaona picha yenu halisi kuliko kwenye hotuba ya kuwakaribisha. Umehamishwa upande wa meza. Waliokuwa wakikunong'oneza kwenye foleni ya chakula wamekuona ukihama, na wana akili zao.

Sasa niwapeleke Dar es Salaam, mwaka 2002. Serikali iliamua kuwakabidhi menejimenti ya TANESCO, shirika la umeme, watu wa kampuni ya Afrika Kusini iitwayo NET Group Solutions. Wafanyakazi walipinga, na mameneja wapya wakaingia makao makuu wakisindikizwa na polisi wenye silaha. Hebu fikirini siku ya kwanza kazini ya namna hiyo. Wale watu hawakuwa wajinga wa kazi yao. Walibana wadaiwa, wakakata umeme hata kwenye taasisi za umma zilizozoea kutolipa, na makusanyo yakapanda. Mkataba uliongezwa, ukaisha mwaka 2006, na mwaka huohuo nchi nzima ilikuwa kwenye mgao mkali wa umeme. Ukame una sehemu yake, na uwekezaji uliokosekana kwa miaka mingi una sehemu yake. Sitawabebesha mameneja wale mvua isiyonyesha. Ninachokitazama ni ule mlango. Mtu aliyeingia na bunduki nyuma yake, ni fundi gani wa kituo kidogo cha umeme atamfuata kumwambia kwa hiari yake kwamba transfoma fulani imeanza kutoa harufu? Atapewa anachokiuliza, na hatajua cha kuuliza.

Msidhani hilo ni la wageni tu. Wazee waliopo wanaikumbuka miaka ya baada ya uhuru, Waafrika walipoanza kukalia viti vya Wazungu, na mitaani wakaitwa manaizi. Wengine walivikalia vizuri. Wengine walirithi kiti pamoja na kiburi chake. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa rais wa kuanzisha mabaraza ya wafanyakazi mahali pa kazi, na Februari 1971 chama tawala, TANU, kikatoa Mwongozo, ambao katika kifungu chake cha 15 uliwakemea viongozi kuhusu majivuno, dharau na uonevu. Kilichofuata kinasimuliwa kidogo sana siku hizi. Kwa miaka kama mitatu wafanyakazi walikuwa wakigoma na kufungia mameneja milango, wengine wakikitaja kifungu chenyewe kwa namba, na mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel wakakishika kiwanda wenyewe. Mameneja wengi walishangaa kabisa. Walikuwa wanasaini mafaili kila siku, na hakuna faili lililowaambia kwamba wanachukiwa.

Lakini mfano ninaoupenda uko hapahapa Mwanza, na ndio nitakaokaa nao.

Paul Bomani alizaliwa mwaka 1925 upande wa Musoma. Kabla ya kuwa mtu mkubwa alikuwa karani Mwadui, kwenye mgodi ambao mjiolojia Williamson aliugundua mwaka 1940, kisha akaja mjini hapa kufanya kazi kwenye ushirika wa wafanyabiashara Waafrika. Wakati huo wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa na lalamiko moja, nalo ni mizani. Mkulima anabeba mzigo wake kwa siku nzima, anafika kwa mnunuzi, sindano ya mizani inasema kitu kingine kabisa na alichokijua mgongo wake. Wakulima wakaanza kuweka watu wao wenyewe wa kusimama kwenye vituo na kukagua uzito. Kutokana na kazi hiyo ndogo ya kuangalia mizani vikakua vyama vya msingi, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation of Cooperative Unions, Bomani akiwa meneja mkuu. Alikuwa na umri wa miaka kama 30. Alikuwa ametoka kusoma ushirika Loughborough, Uingereza. Na TANU ilikuwa haijaruhusiwa kufanya kazi Jimbo la Ziwa, kwa hiyo watu wengi walikuwa wakiutazama ushirika huo kama mdomo wao.

Yeye alifika kwenye kiti akiwa tayari anajua kero ya mtu wa chini kabisa, kwa kuwa ilikuwa ndiyo sababu ya kiti chenyewe kuwapo. Hakuhitaji mtaalamu wa kumwandalia taarifa ya changamoto. Ushirika ukanunua vinu vya kuchambulia pamba, ukajenga, ukaajiri, ukawa miongoni mwa vyama vikubwa vya Waafrika barani. Bomani akaingia serikalini mwaka 1960, akawa waziri wa fedha, baadaye balozi Washington.

Na chombo alichokiacha? Mwaka 1966 rais aliunda kamati maalum ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao nchini. Malalamiko ya wakulima yaliyosikika yalikuwa yaleyale: uzito, makatibu wanaopunja, malipo kuchelewa, watumishi wengi kupita kazi iliyopo. Safari hii mizani ilikuwa ya ushirika wenyewe. Serikali ikauweka chini ya usimamizi wake, chama kikaja kuitwa Nyanza, na mwaka 1976 vyama vikuu vyote vikafutwa kwa muda, kabla ya kurudishwa miaka ya 80. Kati ya 1955 na 1966, miaka 11 tu, chama kilichozaliwa kwa kusikiliza mtu wa mizani kilikuwa kimeweka ghorofa nyingi mno kati ya mtu huyo na meneja. Wale viongozi wa baadaye hawakuwa watu wabaya wote. Mimi nimefanya kazi kwenye jengo la ghorofa. Najua jinsi sauti inavyofia kwenye ngazi. Karani wa kituo anamwambia katibu kwamba kuna matatizo makubwa, katibu anamwandikia ofisa kwamba kuna matatizo, ofisa anaandika kwamba kuna changamoto ndogondogo, na meneja wa kanda anaripoti kwamba hali ni shwari na hatua zinachukuliwa.

Mtalisikia sana hilo la hatua zinachukuliwa, pamoja na ndugu yake, "tunalifanyia kazi". Mkilisikia, ulizeni ni nani analifanyia kazi na yuko wapi sasa hivi. Nusu ya nyakati chumba kizima kitatazama chini.

Basi ufanyeje wiki za mwanzo? Kwanza kataa makabidhiano ya dakika 20. Anayeondoka atataka kukupa funguo, gari na pongezi. Wewe taka hati, na ndani yake yawemo mashauri yote yaliyo mahakamani na yaliyo kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, madeni, mikataba ya wazabuni na tarehe zinapoisha, vibali vya kazi vya wageni na tarehe zake, likizo ambazo watu hawajachukua. Likizo ni deni, na mashirika mengi hulisahau mpaka watu wanapoondoka kwa wingi. Kisha omba ripoti za ukaguzi za miaka mitatu. Usisome kurasa za mwanzo, zile zina picha. Nenda kwenye mapendekezo ya miaka iliyopita ambayo hayajatekelezwa. Jambo lililorudiwa mara tatu na mkaguzi bila mtu kuligusa lina mwenyewe mahali fulani, na huyo utakutana naye.

Sahihi yako itapelekwa benki mapema. Siku hiyo utafurahi. Lakini tangu siku hiyo kila karatasi yenye jina lako ni yako, hata ile uliyoletewa kwenye gari ukiwa unakimbilia ndege. Sisi watu wa Ziwa tulifundishwa hilo kwa namna chungu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara. Kilitengenezwa kubeba watu 101, na waliokufa walizidi 220. Siku chache baadaye rais aliivunja bodi ya TEMESA, wakala wenye vivuko, na mtendaji wake mkuu akaondolewa. Ofisi zao ziko mbali sana na gati la Ukara. Anayekalia kiti cha juu anajibu pia kwa ajili ya gati ambalo hajawahi kusimama juu yake, na ndiyo maana nawasihi mkasimame.

Nendeni zamu ya usiku. Menejimenti nyingi hutembelea kiwanda saa 4 asubuhi, kumeshafagiliwa, watu wamevaa kofia za usalama zilizotoka stoo asubuhi hiyo. Nenda saa 8 usiku bila msafara. Usiende kukamata watu. Ukimwachisha mtu kazi usiku wa kwanza kwa sababu umemkuta amesinzia, hutaambiwa kitu tena mpaka mkataba wako uishe. Kaa, uliza mashine ipi inasumbua, kunywa chai wanayokunywa wao. Mmoja atakwambia. Na akikwambia, usimtaje kikaoni, hata kwa kumsifu. Hili la kumsifu limewaponza wengi: bosi anasema mbele ya watu "nimeambiwa na kijana wetu wa boila", akidhani amempandisha, kumbe amemmaliza.

Dereva na katibu muhtasi wanajua shirika kuliko wakuu wa idara wote. Watendee kwa heshima, lakini usiwafanye majasusi. Kuna aina ya bosi anayeendesha shirika zima kwa majungu ya dereva wake. Anajua nani anatembea na nani, na hajui stoo ina betri ngapi. Watakaokuja kukuchongea wenzao wiki ya kwanza watakuwa wengi, na watakuja wakiwa na tabasamu na mafaili. Wasikilize, andika, na usifanye lolote kwa siku kadhaa. Utashangaa jinsi ambavyo aliyechongewa naye atakuja na faili lake.

Kuna swali la anayetoka nje na anayepandishwa kutoka ndani. Benki zetu mbili kubwa zimetuonyesha njia zote. CRDB ilipomaliza miaka 20 na Dk. Charles Kimei mwaka 2018, ilimchukua Abdulmajid Nsekela kutoka kwa mshindani wake, NMB. NMB nayo mwaka 2020 ilimthibitisha Ruth Zaipuna, ambaye alikuwa mkuu wa fedha hapohapo, kisha akakaimu. Watu hubishana ipi ni bora. Mimi sioni kanuni. Ninajua tu kwamba shida zake hazifanani. Wa nje hajui mtu, ila hakuna anayemkumbuka akikopa elfu kumi mwisho wa mwezi. Wa ndani anajua kila korido, na anajua pia kwamba wawili kati ya wanaomripoti waliomba kiti hicho na wakakikosa. Hao wawili waite mapema, mmoja mmoja, mlango umefungwa, uongee nao kwa uwazi kuhusu jambo hilohilo. Ukijifanya huna habari, wao watalijadili bila wewe, kwenye gari, kwenye simu, kwenye misiba.

Na kwa kuwa nimemtaja mama kwenye kiti, acha niseme kidogo. Mwanamke akipewa nafasi ya juu ataitwa "mama" kuanzia saa ya kwanza, na jina hilo lina heshima yake, lakini kuna watu watamdai umama: awavumilie wachelewaji, awahurumie wezi wa dizeli. Akikataa, wataambiana kwamba ni mkali. Mwanamume akifanya hivyohivyo husemwa kwamba ana msimamo. Dada zangu, mtasemwa kwa vyovyote vile, basi lindeni dizeli.

Sasa nyumbani. Hapa vitabu vya menejimenti vya ng'ambo vinakaa kimya kabisa, na hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Habari za uteuzi wako zitafika Magu, Kwimba na Ukerewe kabla hujapokea barua. Jumapili ya kwanza utakuta bahasha za kaki sebuleni. Mjomba amekuja na vyeti vya mtoto wake. Mchungaji ana kijana muadilifu. Mwalimu aliyekufundisha Bwiru anao wawili. Kamati za harusi zitakuweka kundi la wachangiaji wakuu bila kukuuliza. Utaombwa mchango wa bati za zahanati ya kijiji, na hapo una majibu mawili magumu, kwa kuwa zahanati ni jambo jema na fedha ya shirika si yako.

Mtu akikwambia ukatae ndugu zako wote, huyo hakulelewa na ndugu. Nimeona njia moja ikifanya kazi. Bosi mmoja niliyemhudumia alipofika tu, alitangaza kwenye kikao cha menejimenti majina ya ndugu zake waliokuwa wakifanya kazi au biashara na shirika, na akaomba iandikwe kwenye muhtasari kwamba hatahusika na jambo lolote lao. Nyumbani nako akawaambia wazee: nafasi zikitangazwa nitawaambia tarehe na mahali pa kupeleka maombi, na usaili sitakaa mimi. Walimsema miezi mitatu. Baadaye wakaanza kumtumia kwa kile alichokubali, yaani kuwasomea vijana barua zao za maombi na kuzirekebisha. Kwa mashirika ya umma kuna nyongeza: Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inawataka viongozi inaowataja kutamka mali zao na madeni. Muulize mwanasheria wa shirika kama nafasi yako imo, na umuulize kabla gazeti halijakuuliza.

Nimesema sana kuhusu walio chini. Walio juu nao wanaweza kukuficha mambo, na hapa sina haja ya kwenda mbali zaidi ya Kahama.

Machi 2017 serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia, ule mchanga wenye madini, nje ya nchi. Kamati ya kuchunguza makinikia hayo, ya Profesa Mruma, ikatoa taarifa Mei, ya Profesa Osoro ikatoa Juni, na Julai Acacia, iliyokuwa ikiendesha Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara, ikaletewa madai ya kodi ya dola bilioni 190. Shughuli za Bulyanhulu zikapunguzwa na watu wengi wakapoteza kazi. Wengine walikuwa wapangaji wa nyumba za hapa Mwanza, na wenye nyumba wanaikumbuka. Mkuu wa kampuni, Brad Gordon, akaondoka mwishoni mwa mwaka. Januari 2018 Peter Geleta akakalia kiti, kwa kukaimu. Mtu huyo alitoka upande wangu, upande wa watu na mpangilio wa shirika. Na alikuta nini? Mazungumzo yaliyokuwa yakiamua kama kampuni yake itaishi au itakufa yalikuwa kati ya serikali na Barrick, mwenye hisa mkubwa. Acacia yenyewe haikuwa mezani. Mwaka 2019 Barrick ikanunua hisa zilizobaki, jina la Acacia likatoweka kwenye soko la hisa la London, ikaja Twiga Minerals ambamo serikali ina asilimia 16, na makubaliano yakasainiwa Januari 2020.

Mnaopewa kuongoza tawi la kampuni kubwa ya nje uwekeni mfano huo karibu. Hapa Mwanza utaitwa bosi, utapewa ulinzi na gari refu, na maamuzi makubwa yatafanywa Johannesburg au Toronto na watu ambao hawajui Pasiansi iko upande gani wa uwanja wa ndege. Kabla ya kukubali kazi, uliza kwa maandishi: naweza kuidhinisha kiasi gani bila kuomba ruhusa? Naweza kuajiri na kuachisha nani? Nani anazungumza na serikali, mimi au makao makuu? Asiyeweza kukujibu kabla ya sahihi hatakujibu baada yake. Na upande wa pili usisahau kwamba wewe ndiye sauti inayopanda kwao. Uliyelalamika kwamba hali imepakwa rangi njiani, angalia ripoti yako ya mwezi kabla hujaituma. Nimewaona mabosi wakidai ukweli kutoka chini na kutuma juu pambo.

Tena msitarajie muda wa kujifunza kwa utulivu. Bob Collymore alipochukua uongozi wa Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, Novemba 2010, vita vya bei vilikuwa vimekwisha kuanza tangu Agosti, mshindani alipokata gharama ya kupiga simu hadi shilingi 3 za Kenya kwa dakika. Peter Ndegwa alianza kazi hapohapo tarehe 1 Aprili 2020, wiki chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa Kenya. Wenye viwanda vya sangara hapa Mwanza mnajua: mwaka 1999 Ulaya ilifunga mlango kwa samaki wa Ziwa kwa sababu ya habari za uvuvi wa sumu, na kama ulikuwa umeanza umeneja wiki hiyo, mpango wako wa siku 100 uliufungia vitumbua.

La mwisho ni dogo na wengi hulidharau. Siku hiyohiyo unayoanza, fungua faili lako binafsi nyumbani. Weka nakala ya mkataba, maelezo ya kazi, malengo mliyokubaliana, na kila barua ambayo ulionya jambo na hukujibiwa. Usichukue siri za shirika. Chukua zinazokuhusu wewe. Siku mambo yakiharibika barua pepe yako itafungwa kabla hujafika kwenye gari, na kama unaona umeachishwa isivyo haki una siku 30 tu za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku hizo 30 huliwa haraka na aibu. Mameneja ndio wanaochelewa kuliko wote, maana wanaona haya kukaa kwenye benchi lilelile walikokuwa wakiwapeleka wengine.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Tuna nafasi ya maswali, nami naomba tuanze na vijana waliobanana huko nyuma karibu na mlango. Hawa wa mbele ni mabosi tayari, wao watanitumia muhtasari.